Mbwa wa buchani na fundi kiziwi wa Mwanjelwa: kisa kizima kilivyokwenda

Wengi wanaoniuliza habari za mbwa wa kusaidia watu wenye ulemavu wanaanzia kwa mbwa. Nina mbwa nimemuokota, ana akili kweli, anaweza kufundishwa amsaidie mtu asiyeona? Mi naona swali hilo limeanzia mwisho, na kisa hiki ndo kilichonifanya nilishike hilo kwa nguvu, kwahiyo nakieleza chote pamoja na yale yaliyotusumbua, manake hayo ndo yenye faida kwa mtu anayetaka kujaribu.

Mhusika ni mdada ambaye ni kiziwi tangu utotoni, fundi cherehani, ana meza yake ya kushonea kwenye kibaraza kimoja Mwanjelwa hapa Mbeya. Anaishi Ilomba na mama yake mzazi na mtoto wake ambaye tulipoanza alikuwa na miezi kama mitano hivi, mume yuko Chunya kwenye dhahabu, anarudi kwa vipindi. Anatumia lugha ya alama, mdogo wake wa kike anasikia na ndo aliyekuwa mkalimani wetu akiwepo, asipokuwepo tunaandikiana kwenye simu na mambo yanaenda. Mimi kazi yangu ni mifugo, chanjo na matibabu, na ufundishaji nimeuzoea kwenye mbwa wa ulinzi, ila aliyekaa na mbwa kila siku ni mwenzangu mmoja wa Uyole mwenye subira ambayo mimi sina.

Kabla hatujatafuta mbwa yeyote tulikaa na fundi tukamuomba aandike sauti anazohitaji kuzijua, siyo zote, zile ambazo kutozisikia kunamuumiza. Akaandika tatu. Ya kwanza mtoto akilia usiku. Mama yake yupo na anasikia, lakini kila msimu anaenda Tukuyu kwenye migomba yake anakaa wiki na wiki, na hapo fundi alikuwa analala amemuwekea mtoto mkono kifuani ili akilia aisikie ile mitetemo, na mtu anayelala hivyo usiku kucha halali, anasubiri tu kukuche. Ya pili mtu akigonga geti au akipiga hodi. Ya tatu ndo iliyonigusa sana. Pale kibarazani anashona ameelekea ukutani sababu mwanga wa dirisha unaingilia upande huo, wateja wanakuja kwa nyuma wanamsemesha, wanasubiri kidogo, wanaondoka wakisema fundi huyu anaringa, na yeye anakuja kujua jioni kwa kuambiwa na fundi wa jirani. Hiyo ni hela ya unga inaondoka mgongoni kwake kila siku, na hakuna mtaalamu ambaye angeiwaza akiwa amekaa peke yake. Mama yake akaongezea ya nne: yowe. Usiku mtaa ukipiga yowe, mwizi au moto, binti yake hajui.

Ukiwa na orodha kama hiyo unajua unatafuta mbwa gani. Hatutafuti mbwa mkubwa, hatutafuti mwenye nguvu, tunatafuta mdadisi wa sauti ambaye haogopi, anapenda watu na hana makuu na chakula. Na hapa ndo mbwa wa kuokotwa anapopata nafasi yake halali. Mbwa wa kuwaongoza wasioona ni habari nyingine kabisa. Shule zao za kwanza zilianza Ujerumani, pale Oldenburg mwaka 1916, kwa ajili ya wanajeshi waliopofuka kwenye vita vya kwanza vya dunia, na mpaka leo shule nyingi za kazi hiyo zinazalisha mbwa wao wenyewe, Labrador na Golden Retriever wengi, wanachagua vizazi na vizazi, na bado wengi wanashindwa mafunzo wanatolewa. Ila kwa mbwa wa viziwi kuna watu walichukua njia tofauti mapema. Kule Oregon, Marekani, Roy Kabat alianzisha shirika la Dogs for the Deaf, yaani Mbwa kwa Viziwi, mwaka 1977, yeye alikuwa mfunzaji wa wanyama wa filamu, na waliwachukua mbwa kutoka kwenye vituo vya mbwa waliotelekezwa. Kiziwi hahitaji mbwa wa kumvuta barabarani, anahitaji mbwa anayesikia kitu, anakuja kumgusa, anampeleka. Mbwa mdogo chotara anaiweza hiyo kazi, na mbwa wa mtaani ambaye amekua akiishi kwa masikio yake tayari ana nusu ya kazi mwilini.

Nusu tu lakini. Nyingine ni roho yake, na roho huijui kwa kumwangalia macho.

Tulikuwa na mbwa watatu, wote wa kienyeji. Dume mmoja jeusi la Soweto, mtaa wa hapa hapa Mbeya, alikuwa mzuri wa sura, kila mtu alimpenda yeye kwanza. Jike lenye mabaka lililotelekezwa na watu waliohama. Na jike dogo la rangi ya udongo, la kama mwaka mmoja, lililokuwa linashinda nyuma ya bucha linasubiri mifupa, wauza nyama wanaliita Popi. Kwanza afya: chanjo ya kichaa cha mbwa siku ile ile, dawa ya minyoo, kupe na viroboto, kisha kufunga kizazi kwa wale majike. Halafu wakakaa Uyole kwa mwenzangu kwa miezi kadhaa, mbali na mtoto, na hilo sikukubali lipunguzwe hata fundi alipokuwa na hamu. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa unaweza kukaa mwilini wiki mpaka miezi kabla dalili hazijatoka, na ukitoka kwa mtu hakuna tiba, kwahiyo mbwa wa mtaani usiyejua aling'atwa na nani huwezi kumchoma sindano Jumatatu ukamuingiza chumba cha mtoto Jumanne. Na mtu yeyote akiumwa na mbwa, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, hapo hapo nenda hospitali ukapate chanjo, usisubiri kuona mbwa atakufa ama la.

Majaribio yetu yalikuwa ya vitu vya nyumbani. Tunadondosha mfuniko wa sufuria kwenye saruji. Mbwa kushtuka siyo shida, hata mtu anashtuka, tunachoangalia ni baada ya hapo, anarudi kunusa mfuniko au amejificha mpaka jioni? Dume jeusi alijificha. Tukajaribu tena siku nyingine, bodaboda likapiga mshindo wa ekzosi barabarani, akakojoa pale pale. Huyo ukimpeleka Mwanjelwa unamtesa, hapo kuna bajaji, spika za wauza dawa za mende, matoroli, kelele kutwa nzima. Alikwenda kwa mkulima mmoja nje ya mji, analinda banda, ametulia, na mi nahesabu hayo ni mafanikio yake. Jike la mabaka lilikuwa na akili kuliko wote, linajifunza kitu mara mbili tatu limeshika, ila ukisogeza mkono kwenye bakuli lake linaganda, linakutazama pembeni, mdomo umefunga, yaani linalinda chakula na linaweza kung'ata. Mwenzangu alitaka tulifanyie kazi hilo polepole, na kweli linawezekana, lakini kwenye nyumba yenye mtoto anayekaribia kutambaa, ambaye atashika chochote kilicho chini, mi sikuwa tayari. Likapata nyumba ya watu wazima tupu.

Popi alishtukia mfuniko, akaruka nyuma, akasimama, halafu akaja kuulamba. Tukacheza sauti ya mtoto analia kwenye simu, akainamisha kichwa huku na huku akaenda mpaka kwenye simu. Tukamshika masikio, kucha, mkia, akavumilia. Mtu mgeni akapita na fimbo, akamfuata akinusa. Alikuwa amekonda, manyoya yametoka mgongoni, na kama tungechagua kwa kuangalia nani anapendeza asingechaguliwa, na kama tungechagua kwa huruma labda angechaguliwa dume jeusi manake ndo alikuwa anaonewa sana mtaani. Huruma ni sababu nzuri ya kumwokoa mbwa, ila kumpa kazi ni uamuzi mwingine, na ukivichanganya atakayelipa gharama ni mwenye ulemavu, maana yeye ndo atabaki na mbwa usiku.

Mafunzo sasa. Kanuni yenyewe Watanzania tunaijua hata kama hatujaifikiria kwa mbwa. Pale Morogoro, kwenye chuo cha kilimo cha SUA, shirika la APOPO wanafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya TB, na wanatumia kidude kinacholia tik, panya akipatia anasikia tik anajua ndizi inakuja. Ile tik inamwambia mnyama ni kitendo kipi hasa kimelipwa. Sisi hatukutaka sauti, sababu mwenye mbwa hatakuwa anaongea naye kwa sauti, kwahiyo tangu siku ya kwanza alama ilikuwa dole gumba juu, likifuatiwa na kipande cha mapupu ya kuchemsha. Mapupu ni bei ya chini buchani na Popi angeuza dunia kwa mapupu. Amri zote zilikuwa za mikono na fundi mwenyewe ndo alizichagua kutoka kwenye alama anazotumia nyumbani, sisi tukazifuata, na mbwa anasoma mikono vizuri kuliko maneno, hilo ulize yeyote aliyefuga.

Hatua ya kwanza ni kugusa. Popi aje mwenyewe aweke mguu wa mbele kwenye goti, dole, chakula. Kuruka na kubweka havilipwi. Ikishakaa ndo unaleta sauti: mmoja anacheza kilio cha mtoto chumbani, na siyo kilio cha kwenye intaneti, tulirekodi cha mtoto mwenyewe, cha njaa, cha usingizi, cha kukasirika, Popi akitega sikio mwenye goti anamwita kwa mkono, aguse, halafu waende WOTE mpaka kwenye sauti, na malipo yanatolewa kule kule. Sauti, mtu, mguso, sauti. Baada ya muda mkono wa kuita unaondolewa, anakuja mwenyewe.

Kilio alikishika upesi. Hodi ndo ilituchosha. Geti la bati likigongwa linalia namna moja, hilo halina shida. Ila hodi ya mdomo kila mtu ana yake, bibi anaivuta, kijana anaikata, mtoto anaipiga kelele, mwingine hasemi hodi kabisa anaita tu Mama Fulani. Popi alijua hodi ya mwenzangu tu. Ikabidi tuwaombe majirani, na watoto wa mtaa wakawa wanapokezana getini baada ya shule, na hapo likazuka jambo ambalo kwa maoni yangu ndo gumu kuliko yote kwenye mbwa wa viziwi. Popi akagundua akimgusa mtu goti kuna safari ya getini na getini kuna mapupu. Akaanza kugusa bila sauti yoyote. Sisi tunaosikia tunajua anadanganya. Fundi atajuaje? Anaguswa, anaacha kazi, anaenda getini, hakuna mtu. Mbwa kakosea, au mgeni alikuwepo akaondoka? Kama mbwa anaweza kukudanganya na huna namna ya kumkagua, baada ya wiki chache hutainuka tena, na mbwa asiyeaminiwa ni sawa na hayupo.

Tulichofanya ni kuhamisha malipo yote kwenye kitu ambacho fundi anaweza kukiona kwa macho. Mtu yupo getini, dole na mapupu. Hakuna mtu, hakuna uso wa kukasirika, hakuna kitu, anarudi kwenye kazi yake. Kwa mtoto hivyo hivyo, ukifika kitandani uso wa mtoto unaonyesha. Na kwa kipindi kile mdogo wake fundi alikuwa anakaa sebuleni anaandika kila mguso na kama kulikuwa na sauti kweli, jioni wanakaa wanapitia. Miguso ya uongo ikapungua mpaka ikawa nadra, haijaisha kabisa, na fundi alisema kwa mikono kitu ambacho mdogo wake alinitafsiria: bora aniite bure mara moja kuliko aache kuniita. Hiyo ni hesabu yake yeye, mwingine angeamua tofauti, na ndo maana lazima mwenye mbwa awepo kwenye mafunzo tangu mwanzo, siyo akabidhiwe mbwa siku ya mwisho.

Yowe tulilifundisha kwa namna nyingine, kwa mtindo wanaotumia Uingereza kwa sauti za hatari: mbwa anamgusa mtu halafu analala kifudifudi, hampeleki kwenye sauti, maana hutaki mbwa amwongoze mtu kwenye moto au kwa mwizi mwenye panga. Tulirekodi, tukafanyia mashambani Uyole, na tulimwambia balozi kwanza, sababu yowe linaita watu na ukilichezea siku ikija ya kweli hawaji.

Mbwa akawa tayari, watu bado. Mama wa fundi alinipokea vizuri, shikamoo mama, marahaba mwanangu karibu, chai, ndizi za kupika, kisha akaniambia pole pole, "Mwanangu, mbwa kwetu halali ndani. Analala nje, anabweka, basi. Leo mmemleta alale na mjukuu wangu?" Nikamjibu, "Mama, hatalala na mjukuu. Atalala chini, upande wa mama yake, na hataachwa na mtoto peke yake hata dakika moja, hata mchana." Hiyo ya mwisho siyo maneno ya kumtuliza bibi, ni sharti, na ni kwa mbwa yeyote mwenye tabia yoyote. Tukakubaliana gunia lake liwe pembeni ya kitanda, afutwe miguu akiingia, dawa ya minyoo kwa ratiba, jikoni haingii. Mpaka leo jikoni haingii na bibi hambembelezi, ila alipokwenda Tukuyu mara ya mwisho alimwambia binti yake ahakikishe mbwa amekula.

Pale kibarazani jirani yao wa meza ni mzee Muislamu, fundi wa kanzu, mtu wa heshima sana. Nilimfuata mimi mwenyewe kabla mbwa hajafika. Akasema, "Kijana wangu, simchukii mnyama wa Mungu. Lakini mate yake yakigusa nguo yangu, mimi sina nguo ya swala mpaka niioshe mara saba na udongo." Ana haki, na mtu anayeleta mbwa sehemu ya watu ajue hilo ni lake kulipangia, siyo la mwenye imani kulivumilia. Popi akawekwa upande wa pili, meza ya fundi katikati, bakuli halitoki nyumbani, na kwenda kujisaidia ni kwa nyuma. Yule mzee ndo sasa anawaelekeza wateja, zungukeni mbele, mpungieni mkono.

Na vesti anayovaa Popi kazini ameishona fundi mwenyewe, ya kijani, ameitarizi MBWA WA KAZI, FUNDI NI KIZIWI, PITA MBELE. Hilo la tatu kwenye orodha yake limetatuliwa nusu na mbwa nusu na maandishi. Mteja akisimama nyuma Popi anainua kichwa, masikio yanaelekea kule, mara nyingi fundi anaona masikio tu kwa jicho la pembeni anageuka kabla hata hajaguswa. Tungesema kazi ni ya mbwa peke yake tusingekuwa wakweli.

Usafiri bado. Marekani chini ya sheria yao ya 1990 ya watu wenye ulemavu, mwenye mgahawa anaruhusiwa kuuliza mawili tu, mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu? na amefundishwa kazi gani? basi. Sisi Tanzania tuliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009 na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ni ya 2010, msingi wa haki upo, ila barabarani anayeamua ni konda. Fundi ana dereva bajaji wake mmoja anayemzoea Popi, daladala hajaribu saa za msongamano, na mi namuunga mkono, mbwa akikanyagwa mkia ndani ya Hiace ndo kazi yote imeharibika kwa sekunde.

Habari imesambaa na watu wanakuja. Mzazi mmoja alitaka mbwa wa kujua kifafa cha mtoto wake kabla hakijaanza. Nilimwambia wazi kwamba mbwa kufundishwa kukaa na mtu, kwenda kuita msaada kifafa kikishaanza, linafanyika, lakini kukitabiri ni kitu ambacho huwezi kumfundisha mbwa kwa uhakika, hata wale wanaoonekana kukijua wanakuja kukijua wenyewe, na nisingetaka mtu apunguze dawa au aache mtoto karibu na jiko la moto kwa kuwa kuna mbwa. Mwingine alitaka mbwa wa kumwongoza baba yake asiyeona hapa mjini. Huyo mbwa anatakiwa ajue hata kukataa amri ya bwana wake gari likija, mafunzo yake na uchaguzi wake ni wa miaka, na kwenye barabara zetu zisizo na njia ya waenda kwa miguu bodaboda inatokea popote, mi sitamchukua mbwa wa mtaani nimkabidhi uhai wa mtu kwa kazi hiyo. Afrika Kusini wana chama cha mbwa waongozaji tangu 1953, tukitaka kuanza tuanzie kwa kujifunza kwao.

Sasa yupo seremala kiziwi wa Ipogolo, Iringa, ameandika kupitia ndugu yake anataka mbwa kama Popi. Tumemuomba orodha yake kwanza. Amerudisha mbili, simu ya mke wake ikiwa inaita akiwa nyumbani, na mtu akiingia karakana wakati msumeno unazunguka. Ya kwanza tunaweza. Ya pili tumemwambia hapana, mbwa hatakaa karibu na msumeno wa umeme, hapo afunge taa itakayowaka mlango ukifunguliwa, fundi umeme anaiweza kazi hiyo bila shida. Tunasubiri ajibu kama ile moja inatosha kumfugia mbwa ndani ya nyumba yake, na mke wake anasemaje.